Renji ipi unaitaka? Neno moja katika takwimu, fanksheni, kompyuta na vifaa

Mwezi uliopita binti wa Kidato cha Tatu alikuja mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na karatasi mbili zenye wino mwekundu. Ya kwanza ilikuwa ya takwimu. Aliambiwa atafute renji ya alama za wanafunzi, akaangalia ya chini kabisa na ya juu kabisa, akaandika "4 hadi 19". Amekosa. Akaelezwa kwamba renji ni kutoa: kubwa toa ndogo. Haya, wiki iliyofuata likaja swali la fanksheni, f(x) = 3x + 1, x ikiwa kati ya 1 na 6. Binti akakumbuka somo lake, akatoa kubwa toa ndogo, akaandika "15". Amekosa tena.

"Mwalimu, sasa hii renji wanataka nini?"

Kabla sijafungua mdomo, fundi simu aliyekuwa kwenye benchi akisubiri nimchapie barua akadakia kwamba renji ni umbali, yaani waifai inafika mpaka wapi. Kijana wa bodaboda naye, aliyeacha simu yake inachaji, akacheka na kusema renji ni gari la mabosi. Hapo benchi zima likaanza kubishana kuhusu magari, na swali la binti likasahaulika kwa dakika kumi nzima.

Ajabu ni kwamba majibu yake yote mawili yalikuwa mazuri. 15 ndilo lililotakiwa kwenye karatasi ya takwimu, na 4 hadi 19 ndilo lililotakiwa kwenye fanksheni. Yalikaa tu kwenye karatasi zisizo zao.

Sisi tunasoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha tukifika sekondari maneno yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Neno kama hili linatua kichwani bila daraja. Ukikimbilia kamusi unapewa masafa, wigo, upeo, eneo, safu, na hakuna hata moja linalokaa vizuri kila mahali. (Safu tuiache pembeni. Hiyo ni ya milima, kama Mahale huko kusini, na sijaona mtu aliyefeli mtihani kwa ajili yake.) Kwa hiyo nimeziweka renji nne bega kwa bega, na ukimaliza kusoma utaweza kusema ni ipi iliyo mbele yako.

Vipimo vya kulinganisha

Nitaziuliza zote maswali yale yale. Kwanza, mwishoni unabaki na nini mkononi: namba moja, kundi la namba, orodha yenye mpangilio, au umbali? Pili, mipaka yake ikoje: cha mwisho kimo au hakimo? Tatu, inadanganya wapi? Nne, inamfaa nani? Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko mengine. Ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye mlango wa kila darasa.

Kwa mifano nitatumia 4 na 19 za yule binti kila zinapofaa, ili uone namba zile zile zinavyobadilika sura.

Renji ya takwimu

Mkononi unabaki na namba moja. 19 toa 4 ni 15, basi. Hiyo 15 haikwambii nani alipata ngapi, wala kama darasa lina akili au halina. Inakwambia tu wa juu na wa chini wameachana kiasi gani. Darasa lililopata kati ya 70 na 85 nalo lina renji ya 15.

Mipaka haina ugomvi, kwa kuwa ya juu na ya chini zote zinatumika. Ugomvi huja kwenye data zilizopangwa kwa madaraja, mfano 10–19, 20–29. Hapo wengine huhesabu kutoka mipaka halisi, 9.5 na 29.5, na wengine kutoka namba zilizoandikwa. Fuata anayekusahihishia.

Inapodanganya ndipo penye maneno mengi. Chukua mfano wa bei ya kilo ya dagaa wakavu pale Kibirizi kwa siku saba. Namba hizi nimezitunga, usije ukaenda nazo sokoni: 18,000, 19,000, 19,000, 20,000, 20,500, 21,000, 34,000. Renji ni shilingi 16,000. Mtu wa Dodoma akisoma hiyo 16,000 atadhani soko letu limechanganyikiwa, leo hivi kesho vile. Lakini siku sita kati ya saba bei imetembea ndani ya shilingi 3,000 tu. Siku ya saba ni ya mbalamwezi: wavuvi wetu huvuta dagaa kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi yake, mzigo unapungua, bei inapanda. Siku moja imeibeba renji yote mgongoni.

Ndiyo maana wapo wanaokata ncha zote mbili na kuangalia katikati, yaani renji ya robo. Kwa bei zile zile, robo ya kwanza, yaani bei ya katikati ya nusu ya chini, iko kwenye 19,000, na ya tatu, ya katikati ya nusu ya juu, iko kwenye 21,000. Tofauti ni 2,000. Soko ni lile lile na wiki ni ile ile, ila namba moja inasema 16,000 na nyingine 2,000. Zote ni kweli. Ukiwa mnunuzi wa kila siku, 2,000 inakuhusu zaidi. Ukiwa na mgahawa ulioahidi wageni dagaa siku ya mbalamwezi, 16,000 ndiyo itakayokutoa jasho.

Kuna udanganyifu mwingine ambao sijaona ukitajwa sana darasani. Renji haipungui kamwe kadiri unavyoongeza siku. Bei ya mwezi mzima haiwezi kuwa na renji ndogo kuliko wiki iliyo ndani yake. Inaweza kubaki palepale au kukua. Kwa hiyo mtu akilinganisha muuzaji aliyemfuatilia siku saba na mwingine aliyemfuatilia siku tisini, kisha akasema wa pili bei zake zinayumba, amempakazia mwenzake bure.

Inamfaa nani? Anayetaka jibu la haraka na data zake ni chache, anazoweza kuzitazama zote kwa jicho. Pia anayeogopa hali mbaya kabisa kuliko hali ya kawaida: anayejenga daraja, anayehifadhi chanjo, anayepanga kiasi cha mafuta ya boti. Kwa Kiswahili mimi husema tu "tofauti ya juu na chini". Ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Renji ya fanksheni

Hapa mkononi unabaki na kundi. Fanksheni ni kama mashine ya kukamua mawese: unaingiza kitu, kinatoka kingine, na kila kinachoingia kina kitokacho chake kimoja. Renji ni jumla ya vyote vinavyoweza kutoka. Kwa 3x + 1, ukiingiza 1 inatoka 4, ukiingiza 6 inatoka 19, na katikati hapo, kwa sababu x inaruhusiwa kuwa namba yoyote hata yenye desimali, zinatoka namba zote kati ya 4 na 19. Jibu ni hilo kundi lote. Ukimpa mwalimu 15 umempa urefu wa kamba badala ya kamba yenyewe.

Mipaka hapa ni kitu cha kulindwa. Swali likisema x ni kubwa kuliko 1, bila kuwa sawa na 1, basi 4 haimo. Inasogelewa karibu sana lakini haiguswi. Ile alama ya "sawa" chini ya mshale imewanyima watu alama nyingi kuliko mahesabu magumu.

Udanganyifu mkubwa ni kudhani renji ni ya kwanza na ya mwisho tu. Chukua boti ya abiria 40, nauli shilingi 3,000 kwa kichwa. Mapato ya safari moja yanaanzia sifuri hadi 120,000. Je, yanaweza kuwa 50,000? Hapana. Hakuna idadi ya watu itakayolipa 50,000 kamili, labda uuze nusu abiria. Renji ni 0, 3,000, 6,000, 9,000 na kuendelea kwa hatua hizo mpaka 120,000: namba 41 tu, zenye mapengo katikati. Na ukiletewa hesabu ya 50,000 jioni, ujue kuna mtu amepewa punguzo au kuna mtu ameingiza mkono mfukoni.

Udanganyifu wa pili ni kupima ncha za x na kuacha tumbo. Fanksheni ya x² − 4x + 1, x kuanzia 0 hadi 5, inatoa 1 ukiweka 0 na inatoa 6 ukiweka 5. Mwanafunzi ataandika 1 hadi 6 na kufunga daftari. Lakini weka 2 uone: inatoka −3. Mkunjo umeshuka katikati kisha ukapanda. Renji ni −3 hadi 6. Chora, hata kwa mkono mbaya.

Na ukiendelea mpaka chuo utakuta vitabu vya zamani vilivyotumia neno hili kwa kundi ambamo majibu yanaruhusiwa kuangukia, hata kama mengine hayafikiwi kamwe. Kwa x mraba, kundi hilo linaweza kuwa namba halisi zote, ilhali zinazotoka kweli ni sifuri na zilizo juu yake. Soma ukurasa wa mwanzo wa kitabu kabla ya kubishana na mhadhiri.

Inamfaa anayetaka kujua kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Neno "wigo" linakaa vizuri hapa, kwa sababu wigo asili yake ni uzio, na ndani ya uzio kuna vitu.

Renji ya kompyuta

Hapa kuna vyumba vitatu, na mtu anaweza kuingia chumba kisicho chake bila kujua.

Chumba cha kwanza ni majedwali kama Excel. Ukiandika D4:D19 umetaja visanduku kuanzia cha nne hadi cha kumi na tisa, na vyote viwili vya mwisho vimo. Vihesabu: ni 16. Si 15. Anayefanya 19 toa 4 anapungukiwa kisanduku kimoja, kama mtu anayehesabu nafasi kati ya nguzo badala ya nguzo zenyewe. Mkononi unabaki na eneo, mahali, wala si namba. Ndiyo sababu mtu anaweza kuandika =MAX(D4:D19)-MIN(D4:D19) akapata renji ya takwimu kutoka kwenye renji ya visanduku. Maana mbili ndani ya fomula moja, na Excel haina fomula moja ya kukutolea ile tofauti moja kwa moja. Wengi huitafuta kwa jina, wasiione, wakadhani kompyuta ni mbovu.

Chumba cha pili ni lugha za kuandikia programu. Kwenye Python, range(4, 19) inakupa 4, 5, 6 na kuendelea mpaka 18. 19 haimo. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hulichukia jambo hili wiki ya kwanza. Kwao ni kama kuambiwa duka liko wazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ukaenda Ijumaa ukalikuta limefungwa. Lakini lina faida yake: idadi ya namba ulizopata ni 19 toa 4, yaani 15, bila kuongeza wala kupunguza moja. Na kipande kinachofuata kinaanzia palepale pa kwanza kilipoishia, range(19, 30), bila namba kurudiwa wala kurukwa. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hii, aliutetea mtindo huu kwa maandishi mwaka 1982 kwa hoja hizo hizo.

Ukitaka namba za fanksheni ya yule binti, x ikiwa namba nzima tu, utaandika range(4, 20, 3), ikupe 4, 7, 10, 13, 16, 19. Ukiandika 19 badala ya 20, ya mwisho imekukimbia. Na usidhani kila lugha iko hivyo. Kwenye Ruby na Kotlin, 4..19 inaingiza 19. Kwenye hifadhidata za SQL, amri ya BETWEEN ("kati ya") inaingiza ncha zote mbili, jambo linaloleta balaa kwenye tarehe: ukiomba miamala hadi tarehe 31 na sehemu ya tarehe inahifadhi saa pia, kompyuta inasoma tarehe 31 saa sita kamili usiku, na miamala yote ya mchana wa siku hiyo inabaki nje. Wakala wa pesa anayefunga hesabu za mwezi kwa njia hii atatafuta upungufu mpaka kuche.

Chumba cha tatu ni ukubwa wa namba ambayo kompyuta inaweza kuibeba. Namba nzima ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1), inayoweza kuwa chanya au hasi, inaishia 2,147,483,647. Inaonekana kubwa mpaka uiweke kwenye shilingi: bilioni mbili na kidogo. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinaweza kufika hapo. Na kama mwandishi wa programu ameamua kuhifadhi senti, ukomo unashuka hadi shilingi milioni 21 na laki nne na ushee, fedha ambayo mfanyabiashara mmoja wa mchele anaweza kuipitisha kwa wiki. Si jambo la kubuni. Roketi ya Ariane 5 iliharibika angani mwaka 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa kuwa namba ya mwendo ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea.

Inamfaa nani? Karani, mwandishi wa programu, mtunza hesabu. Kiswahili chake hakijatulia. Kwa visanduku nasema "eneo", kwa namba zinazofuatana nasema "mfululizo", na kwa ukubwa wa namba nasema "ukomo". Nimejaribu neno moja kwa vyote vitatu, nikajikuta naeleza upya kila mara.

Renji ya vifaa

Hii ndiyo ya fundi wangu wa benchi, nayo ina pande mbili: kifaa kinafika wapi, na kifaa kinapima kuanzia wapi hadi wapi.

Kwa upande wa kufika, mkononi unabaki na umbali, na mpaka wake hauna ukuta. Waifai haifiki mita 40 ikakatika. Inafifia, inarudi, inategemea ukuta wa tofali za kuchoma na mwembe uliopo katikati. Namba iliyo kwenye boksi ilipatikana mahali pa wazi. Pikipiki ya umeme ni hivyo hivyo: kilomita za kwenye karatasi ya muuzaji ni za barabara tambarare na mtu mmoja mwepesi. Lete vilima vyetu, pakia mshikaki, uone betri inavyoomba radhi.

Ila ziwa lina mchezo wake. Juu ya maji hakuna ukuta wala mwembe, kwa hiyo netiweki inasafiri mbali. Mnara ulio mita 100 juu ya usawa wa maji unaona mpaka kilomita 36 hivi kabla dunia haijajikunja chini ya macho. Kanuni yake ni kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, mara 3.57. Mawimbi ya redio yanapinda kidogo na kwenda mbali zaidi ya hapo. Sasa mtu yuko majini, simu inaonyesha vijiti vya netiweki, anapiga, haiendi. Analaumu salio. Kumbe simu za kizazi cha pili, GSM, zinaongea kwa zamu za muda mfupi sana, na mnara wa kawaida umepangiwa kuvumilia ucheleweshaji wa umbali wa kilomita 35 tu. Ukizidi hapo sauti yako inafika imechelewa, inaingia kwenye zamu ya mwenzako, na mnara unaikataa hata kama unaisikia vizuri. Ipo mipangilio ya kuurefusha huo mpaka, lakini mwenye mnara ndiye anayeamua. Kwa hiyo hapa renji haikuamuliwa na nguvu, imeamuliwa na saa.

Upande wa kupima unaanza na maltimita, kifaa cha kupimia umeme ambacho mafundi wengi wanakiita mita tu. Chaja ya kompyuta ya mpakato nyingi ni volti 19. Weka swichi kwenye 20, inasoma 19 safi. Weka kwenye 2, inaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto au herufi OL, na mgeni anadhani chaja imekufa. Weka kwenye 200, inasoma, lakini desimali moja imepotea. Fundi mzuri anaanza juu na kushuka mpaka apate kipimo kidogo kinachoenea. Kwenye umeme wa ukutani anayeanza chini anacheza na mita yake, na pengine na vidole.

Kisha kuna kipima kina, na hiki nakitaja kwa sababu ya ziwa letu. Kinatuma mlio chini na kungoja mwangwi. Ziwa Tanganyika mahali penye kina kirefu kabisa lina karibu mita 1,470. Sauti majini inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni sekunde mbili nzima. Kifaa kinachongoja nusu sekunde kwa kila mlio hakivuki mita 370 hivi. Ukipita hapo kitakuwa kimya, na ukimya si kitu kibaya. Kibaya ni mwangwi wa mlio wa kwanza ukichelewa mpaka mlio wa pili umeshatoka: kifaa kinauhesabu kama wa pili, kinakuandikia mita 130 mahali penye 500. Hakisemi hakijui. Kinasema uongo kwa namba safi.

Inamfaa anayenunua. Na usiulize "renji yake ngapi?" peke yake; uliza imepimwa wapi, na kikizidiwa kinaonyesha nini.

Mtego wa neno masafa

Wengi hutafsiri renji ya vifaa kwa "masafa", na ni tafsiri nzuri: kombora la masafa marefu, kila mtu anaelewa. Shida ni kwamba redio nayo ina masafa ya aina nyingine, yale ya megahezi. Ukisema "masafa ya redio yetu ni 98", wa kwanza ataelewa kilomita na wa pili ataelewa mahali pa kuseti. Zaidi, masafa ya FM yenyewe yanaanzia 87.5 hadi 108, na hilo nalo ni renji! Kwenye mambo ya mawimbi mimi nasema "umbali wa kufika", masafa nayaachia megahezi. "Upeo" nao ni mzuri, maana upeo wa macho tunauona kila jioni ng'ambo, Kongo, ila una tabia ya kutaja ncha ya juu tu na kusahau ya chini. Kwa maltimita inatosha. Kwa fanksheni itakunyima alama.

Kwa hali yako

Ukiwa na mtihani wa Kidato cha Tatu au cha Nne, tazama kilicho juu ya neno. Kukiwa na orodha ya alama, umri au bei, toa. Kukiwa na f(x), kanuni au jozi za namba, andika kundi, na kagua alama ya "sawa" kabla hujageuza karatasi.

Ukiwa mfanyabiashara unayetaka kujua bei zinavyoyumba, andika renji pamoja na bei ya katikati, na kama kuna siku moja ya ajabu iseme kwa maneno. Ukiwa na siku nyingi kwa bidhaa moja na chache kwa nyingine, tumia robo badala ya ncha.

Ukiwa unajaza jedwali, hesabu mistari kwa kuongeza moja. Ukiwa unaandika programu, jaribu kwanza kwa namba ndogo, tatu au nne, uone kama ya mwisho imetokea. Ni kazi ya sekunde tano na inaokoa usiku mzima. Ukiwa unamtengenezea mtu mfumo wa fedha, muulize kiasi kikubwa kabisa alichowahi kushika, kisha uache nafasi mara elfu.

Ukiwa unanunua kifaa cha kufikisha netiweki, omba kukijaribu palepale kitakapokaa. Na ukiwa unatoka na boti kwenda mbali, usitegemee vijiti vya simu. Mwachie mtu wa pwani saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Kijana wa bodaboda aliuliza kwa nini renji yake haimo. Nilimwambia ile ina maana moja tu, haina haja ya kulinganishwa. Binti wa Kidato cha Tatu alishaondoka, kwenye kila karatasi ameandika jibu la karatasi nyingine.